Wageni Hulia Nini Kwangu?

Mara ya kwanza alipopiga simu nilidhani amekosea nambari. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, isiyo na haraka, na nyuma yake kuku walikuwa wakigombana.

"Huko ni redio?"

"Ndiyo, shosho. Uko na salamu ama uko na maoni?"

"Niko na swali. Hao wageni ya hoteli, wakikuja kwangu, wanalianga nini?"

Kazi yangu siku hizo ilikuwa kupokea simu za kipindi cha asubuhi katika stesheni ndogo mjini Nyeri, ghorofa ya juu, juu ya duka la dawa za mifugo. Aliyetaka kuongea hewani alipita kwangu kwanza. Nilimuuliza ni nani, yuko wapi, anataka kusema nini, kisha nikaandika mstari mmoja kwenye kikaratasi na kumpelekea mtangazaji upande wa pili wa kioo. Stesheni ilitangaza kwa Kiswahili kwa sababu mji una watu wengi wa kuja kama sisi. Baba yangu alikuwa askari polisi kutoka magharibi, akastaafu hapa na akakataa kurudi. Mimi nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Majengo, nyuma ya msikiti. Kikuyu changu ni cha sokoni, yaani bei, salamu na matusi machache.

Ukutani, juu ya simu zangu mbili, palikuwa na karatasi yenye mwandiko wa bosi. Ilikuwa orodha ya mambo yasiyofaa kupita hewani: matusi, kesi zilizo mahakamani, ugomvi wa mashamba wenye majina ya watu. Mstari wa mwisho uliongezwa baadaye kwa kalamu nyekundu. Ulikuwa neno moja tu, hoteli. Kila mtu pale alijua ni ipi. Ilikuwa ile ya kitalii iliyojengwa juu ya Naro Moru, karibu na msitu, na tangazo lake ndilo lililofungua na kufunga kipindi chetu kila siku.

Basi nikamwambia shosho kwamba simu zimejaa. Akanishukuru, akakata. Kesho yake akapiga saa ileile. Na keshokutwa. Hakuwahi kukasirika. Wiki ya pili nilijikuta nikiangalia saa, nikimngoja, na siku moja nikashindwa kuvumilia.

"Shosho, hawa wageni wanalia namna gani?"

Akanieleza taratibu, kama mtu aliyekuwa ameshajipanga. Gari za hoteli huleta watalii kwake mara mbili tatu kwa wiki, kuona maisha ya mlimani. Wakiwa ni watu wa Kiingereza yeye huwaelewa. Hao hucheka, huuliza chai inapikwaje, hupigwa picha na ndama. Lakini kuna wale wa Kifaransa. Kijana anayewaongoza hufahamu lugha yao, na akishaongea nao kidogo, wanaanza kufuta macho.

"Juzi msichana mmoja amepiga magoti, ako na saa ya dhahabu, ameshika miguu yangu. Na niko na matope! Nikauliza huyo kijana, kwani wako na nini? Akaniambia ati ni furaha." Akawafukuza kuku. "Mtu wa furaha mimi namjua. Hiyo haikuwa furaha."

Mchana huo nilimfuata bosi ofisini. Yeye ndiye aliyekuwa mtangazaji wa asubuhi pia, mwalimu wa zamani, mwenye sauti ambayo kina mama wa sokoni walisema inafaa kutibu kikohozi. Mlangoni kwake alikuwa amebandika cheti cha semina ya uhuru wa vyombo vya habari, kimezungushiwa fremu nzuri.

Nilimweleza. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Unajua ni nani analipa umeme ya hapa?"

"Bosi, hili si swali la hoteli. Ni swali la kulia."

"Ndiyo maana naliogopa. Swali kubwa nitalijibu kwa maneno makubwa. Hilo dogo nitalijibu na nini? Waache wageni walie."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wafanyakazi tisa, na aliwajua watoto wetu wanasoma darasa la ngapi. Niliondoka ofisini kwake nikimwelewa kabisa, na hamu yangu haikupungua hata kidogo. Jumamosi nikaenda Naro Moru kwa shosho, kwa maelekezo aliyonipa kwenye simu.

Nilikuwa nimemchora kichwani bibi kizee aliyekunjamana. Aliyenifungulia lango alikuwa mwanamke wa miaka sabini na mmoja, mrefu, sweta ya buluu, miwani shingoni kwa kamba. Kiwanja chake kilikuwa na nyumba mbili. Mbele, karibu na njia, palikuwa na jiko la zamani la mbao, jeusi kwa moshi. Nyuma, ukishapita ua wa michongoma, ilikuwepo nyumba ya mawe yenye madirisha makubwa, makochi yaliyofunikwa vitambaa alivyofuma mwenyewe, na ukutani picha za watoto waliovaa majoho ya kuhitimu. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kama karani wa kupiga chapa katika chama cha wakulima huko Karatina. Nyumba alijijengea pole pole, kwa mshahara na kwa viazi.

"Wageni hukaa huku?" nikauliza, nikionyesha makochi.

"Huku hawajawahi kufika. Huyo kijana anasema ua ni mpaka."

Saa nne kijana mwenyewe akafika, dakika chache kabla ya gari. Alikuwa na sweta ya kijani ya hoteli na adabu nyingi. Shosho akamwambia mimi ni mjukuu, nimekuja kumenya viazi. Alinisalimia, kisha akaanza kupanga jiko kama mtu anayetayarisha jukwaa. Taa ya sola akaificha nyuma ya gunia. Redio akaifunika kwa sufuria.

"Shosho, samahani. Miwani."

Shosho akavua miwani.

"Na sweta, pole. Kuna baridi, lakini ni kidogo tu."

Akavua sweta, akajifunga leso aliyoletewa. Mimi niliketi kwenye kigoda na karai la viazi, simu ikirekodi ndani ya mfuko wa aproni.

Walikuja kumi na wawili. Kijana aliongea kwa sauti ya chini, ya heshima, kama ya mchungaji kando ya kaburi, na mimi sikuelewa neno. Nilichoelewa ni nyuso. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe alivua kofia. Mama mmoja alinitazama mimi, mimi niliyekuwa namenya viazi, jinsi watu wanavyomtazama mfiwa, akanijia na kuniwekea mkononi kipande cha chokoleti, akanifumba vidole. Sikujua nifanye nini na uso wangu. Nikaendelea kumenya. Shosho alikaa wima, mikono magotini, akiwaangalia mmoja mmoja. Macho yao yalikuwa mekundu, na yeye alikuwa akiwachunguza kwa makini kuliko wao walivyomchunguza yeye.

Walipoondoka akavaa miwani yake.

"Umeona?"

"Nimeona, shosho."

"Sasa tafuta mtu atuambie."

Majengo ina kila mtu. Hatua chache kutoka mlangoni pangu, Mkongomani mmoja alikuwa na kibanda cha vitenge, na nilijua Kifaransa alikisoma shuleni. Jumapili baada ya ibada nilimpelekea simu. Aliiweka sikioni, akasimama katikati ya vitambaa vyake. Mwanzoni alitabasamu. Akacheka mara moja kwa nguvu. Kisha akaacha, akasikiliza hadi mwisho, akarudisha nyuma, akasikiliza tena.

"Dada, huyu mama ni wa kwenu?"

"Ni rafiki yangu."

"Basi kaa chini."

Akanitafsiria. Kwamba mama huyu ana miaka tisini na sita. Alizaliwa msituni, hajawahi kuvuka mto kwenda mjini, hajui kusoma wala kuandika. Kwamba jiko lile ndilo nyumba yake yote, na hoteli ndiyo iliyomwezekea paa. Kwamba alizaa watoto wanane na wote wanane walikufa kwa njaa, akawazika kwa mikono yake nyuma ya ule ua, na ndiyo maana wageni wanaombwa wasiende huko. Kwamba anayetaka kumsaidia atakuta sanduku lenye picha yake pale mapokezi.

"Anaongea vizuri sana, huyo kijana," Mkongomani akasema akinirudishia simu. "Hata mimi nilikuwa karibu kulia."

Jumatatu shosho alipopiga, niliweka ile simu nyingine kando nikamweleza yote, kipande kwa kipande. Nilipotaja miaka tisini na sita alicheka hadi akakohoa. Nilipotaja kuzaliwa msituni alisema, "Ai!" Nilipotaja kutojua kusoma aliniambia jinsi alivyoweza kupiga chapa barua nzima bila kutazama vidole. Nikafika kwa watoto.

"Ngapi?"

"Wanane, shosho."



"Mimi nilizaa watano," akasema. "Niko na wanne. Mmoja nilizika, akiwa na miaka sita. Huyo sikumwambia huyo kijana hata siku moja, huyo ni wangu. Sasa hawa wengine saba ni wa nani?"

Nikaandika "saba" kwenye kikaratasi. 

"Kesho," akasema, "uniweke kwa redio."

Nililala na kuamka na neno hilo. Mada ya Jumanne ilikuwa nyepesi: mgeni amewahi kukushangaza vipi nyumbani kwako? Simu yake ilipoingia niliandika kwenye kikaratasi, "Mama, Naro Moru, wageni," nikakipeleka. Sikuandika uongo, na sikuandika ukweli wote. Bosi alikisoma akanitazama kupitia kioo. Nikainamia daftari.

"Karibu hewani, mama wa Naro Moru!"

"Asante. Nasalimia wasikilizaji wote. Mimi ni karani mstaafu. Niko na miwani na niko na watoto wanne. Sasa, hoteli inaleta wageni kwangu, na hao wageni wanaambiwa—"

Wimbo wa injili ukaingia kwa kishindo, katikati ya ubeti. Nilimwona bosi amekaa, kidole bado juu ya kitufe, anatazama mbele kama mtu aliyegonga kitu barabarani na hajui ni nini.

Kisha simu zangu zikaanza.

Nimefanya kazi pale siku za uchaguzi na siku ambazo mvua ilibeba daraja, na sijawahi kuona simu zikilia vile. Wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa soko la Kagio.

"Wewe, usinifanyie hivyo! Mteja ameacha kupima nyanya, tunangoja. Huyo mama alikuwa anasema wanaambiwa nini?"

Nilitazama ile karatasi ukutani. Ilisema mambo yasiyofaa kupita hewani. Mimi sikuwa hewani. Nilikuwa mtu anayeongea na mtu mwingine kwa simu.

"Wanaambiwa watoto wake wote walikufa," nikasema, nikamweleza yote.

"Ngoja kwanza," akasema. Nikamsikia akigeuka na kuirudia habari kwa Kikuyu, kwa sauti ya kuita wateja, na baada yake mlio wa watu wengi wanaosema "Ii!" kwa pamoja.

Baada yake ni mwalimu wa Murang'a aliyekuwa amewaachia wanafunzi zoezi ili apige. Halafu askari aliyekuwa zamu, akaniomba niseme kwa haraka. Halafu mwanamke aliyefua nguo za wageni katika hoteli nyingine, aliyeuliza tu, "Sanduku? Umesema kuna sanduku?" Nilisimulia nikaongeza kasi. Nilijifunza mahali pa kupumzika, na mahali ambapo watu wangecheka, na kwamba hakuna aliyecheka tukifika kwa watoto. Kuna wakati nilijisikia nikiongea kwa sauti ya yule kijana wa sweta ya kijani, ile ya chini, ya kaburini. Hapo nikaogopa, nikarudi kusema kikawaida.

Sikumwona bosi akitoka. Taarifa ya habari ilikuwa ikisomwa, naye alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, sijui tangu lini. Nilikuwa kwenye simu ya kumi na kitu. Alisikiliza hadi nikamaliza.

"Mmoja tu ndiye alikufa?" akauliza.

"Mmoja. Akiwa na miaka sita."

"Na hao saba?"

"Ndivyo anavyouliza yeye."

Alisimama hapo akijikuna shingo. Simu ikalia tena. Tuliitazama wote wawili.

"Usichukue," akasema, akarudi ndani kwa sababu habari zilikuwa zinakwisha.

Alhamisi watu wawili wa hoteli walipanda ngazi zetu na tabasamu za kikazi. Walikaa na bosi muda mrefu. Mwisho wa mwezi tangazo likaondoka, na baada yake wafanyakazi wawili. Mimi nilikuwa wa kwanza. Aliniandikia barua nzuri ya sifa, akanipa kwa mikono miwili.

"Kama ungeniambia mapema ni mambo ya watoto," akasema.

"Ungemwacha aseme?"

Alifikiri kweli, siwezi kumnyima hilo.

"Hapana," akasema. "Lakini ningejua ninakata nini."

Shosho hakungoja redio. Alivaa sweta yake na miwani, akaenda hotelini kwa miguu kuuliza habari za sanduku. Langoni alikalishwa kwenye benchi na watu walioleta kabichi na mayai, tangu asubuhi hadi saa nane. Hatimaye mtu wa tai alitoka na kikapu cha unga na sukari, na karatasi ya kutia sahihi kwamba ameridhika na hana dai lolote. Shosho aliisoma pande zote mbili. Akaomba kalamu. Akasahihisha makosa mawili ya tahajia na moja la nukta, akairudisha bila sahihi, na kikapu pia. Alinisimulia haya akiwa na raha ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Kijana naye alimtembelea, bila wageni, bila sweta ya kijani. Alikuwa ameondolewa kazini. Alikunywa chai kwenye nyumba ya mawe, juu ya makochi ambayo hakuwa ameyaona, akamwambia mshahara wake ulitosha kodi ya nyumba na si zaidi, na kilichobaki chote kilitoka mikononi mwa wageni.

"Nikisema huyu ni karani mstaafu, shosho, wanapiga picha ya ndama wanarudi kwa gari. Mtu hapati kitu."

"Na sanduku?"

"Hilo mimi sijawahi kuona likifunguliwa."

"Na saba uliwatoa wapi?"

Shosho aliniambia kwamba kijana aliweka kikombe chini, akasema alianza na wawili. Wageni hawakuguswa sana. Akaongeza.

Mimi sasa napokea simu katika ofisi moja ya mambo ya maji, ambako watu hupiga kuuliza mbona mfereji umekauka, na hakuna karatasi ukutani. Lakini miezi michache baadaye nilisikia kwamba gari za hoteli zimepata boma jingine, ng'ambo ya bonde, na kwamba huko pia Wafaransa hulia. Hamu ilinirudia. Jumamosi moja nikaenda.

Mama wa huko alikuwa mdogo kuliko shosho, mfupi, mchangamfu, mikono imejaa unga. Nilimweleza nimetoka wapi na nilichokigundua. Nilizungumza kwa uangalifu, nikijiandaa kumshika asianguke.

"Najua wanachosema," akakatiza. "Ni mimi nilimwambia mwongozaji mpya aseme."

"Kwamba umefiwa na watoto?"

"Watoto hapana, hiyo ni mkosi. Nilimwambia aseme nyumba ilichomeka. Mara mbili." Akapangusa mikono kwenye aproni. "Na hiyo sanduku yao nilikataa. Wageni wananipea hapa hapa, kwa mkono, nikiona. Wewe ulitaka niwaambie niko sawa? Nikiwa sawa watakuja kufanya nini?"

Nilifungua mdomo kumjibu. Nilikuwa na maneno kuhusu ukweli, na nilikuwa nimepoteza kazi kwa ajili yake, kwa hiyo nilidhani yangekuja yenyewe.  Nikamuuliza badala yake kama hufurahia wakilia.

Akafikiria, kichwa upande.

"Yule mgeni wa kwanza kulia nilimwonea huruma," akasema. "Nilitaka kumwambia wacha, si kweli. Lakini sina hiyo lugha."

Chini barabarani gari zilikuwa zinabadilisha gia kupanda mlima. Akanyoosha leso begani, akanisogeza kwa mkono nitoke mlangoni, kwa sababu nilikuwa nimesimama mahali ambapo wageni husimama.